Chumvi ya Kopo na Akili za Watoto Wetu

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye harambee ya mwaka)



Kazi yangu ni hesabu, lakini leo nimeombwa niseme juu ya afya. Nimekubali kwa sababu jambo lenyewe ni la hesabu ndogo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto, yaani iodini, kwa siku. Mama mjamzito anahitaji 250. Jumlisha mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70: hayafiki gramu 4. Ni pungufu ya kijiko kimoja cha chai kwa umri mzima! Ila huwezi kuyala yote siku moja ukamaliza, kwa kuwa akiba ya mwili ni ya miezi michache tu.

Tezi iliyo mbele ya shingo huyatumia madini haya kutengeneza homoni zinazoendesha nguvu na joto la mwili pamoja na ukuaji wa ubongo. Yakipungua, tezi huvimba, na hilo ndilo rovu. Rovu tunaliona. Hasara kubwa zaidi hatuioni. Mama akipungukiwa, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na akili nzito, au kiziwi. Mtoto huyo akifika darasani ataitwa mvivu, na ubongo ulioumia tumboni haurudishwi kwa viboko wala kwa masomo ya ziada.

Madini joto kwa wingi yako baharini, nasi tuko mbali na bahari. Dagaa na samaki wa ziwani ni chakula kizuri, lakini wana madini joto machache kuliko samaki wa bahari. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri nao huizuia tezi kuyatumia hata hayo machache. Tusiache ugali wa muhogo, ila tusikatishe njia katika kuuandaa.

Dawa yake ni chumvi, na chumvi si ngeni kwetu. Chemchemi za Uvinza zimechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi yake ilifika Unyamwezi kwa vichwa vya wapagazi. Reli inayopita hapa Usoke ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo inapita Uvinza. Lakini chumvi, iwe ya chemchemi au ya bahari, kwa asili haina madini joto ya kutosha. Lazima yaongezwe inapotengenezwa. Uswisi walianza mwaka 1922, na Marekani mwaka 1924. Kwetu Tanzania sheria imelitaka hilo tangu miaka ya 1990.

Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo inakupa mikrogramu 150 katika gramu 5, yaani kijiko cha chai. Gramu 5 hizo ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linatutaka tusikifikie kwa siku, kwa ajili ya shinikizo la damu. Kwa hiyo sisemi tule chumvi nyingi. Nasema hiyo kidogo tunayokula iwe ya kweli.

Tatizo liko kwenye gunia lililo wazi mnadani, lisilo na lebo, linalopimwa kwa kopo. Hujui kama madini joto yaliwekwa, na kama yaliwekwa, jua na unyevu huyapunguza. Akina mama, nunueni ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Iwekeni kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto, na mtie chunguni mboga ikikaribia kuiva. Mwenye uvimbe shingoni aende hospitali. Asinywe iodini ya kusafishia vidonda.

Ombi langu kwa harambee hii ni dogo. Tununue vipima chumvi kwa ajili ya shule na zahanati zetu. Tone moja likidondoshwa kwenye chumvi yenye madini joto, chumvi hugeuka rangi ya buluu. Kila mwanafunzi alete chumvi kidogo ya nyumbani kwao, ipimwe mbele yake, na majibu ayapeleke kwa mama na kwa mwenye duka. Isipogeuka rangi, tutajua pa kuanzia.

Tumechangia madarasa na madawati. Tuchangie na akili zitakazokaa humo.