Presha na Moyo Unaonenepa: Wasia wa Ramadhani kwa Vijana

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, kila Ramadhani tunausiwa kuhusu maradhi ya moyo: hasadi, kibri na riyaa. Ni wasia wa haki. Lakini leo nataka tuzungumze kuhusu moyo ule wa nyama, ulioko kifuani. Huo nao ni amana, na wengi wetu tunauharibu huku tukidhani ni mzima.

Muulize mzee wako nyumbani, "Presha yako vipi?" Atakujibu, "Leo sina, kichwa hakiniumi." Hapo ndipo kosa linapoanza. Presha kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kutembea na 170 kwa 100 miaka mingi, anasali, anafanya biashara, anacheka barazani, na huku ndani moyo unabadilika.

Unabadilika vipi? Moyo una vyumba vinne, na kile cha chini kushoto ndicho kinachosukuma damu mwili mzima. Presha ikipanda, chumba hiki kinakuwa kama mtu anayesukuma mlango uliokazwa upande wa pili. Msuli wa kazi nzito hunenepa. Ukuta wa chumba hicho kwa mtu mzima huwa milimita 6 hadi 10 hivi. Presha isiyotibiwa inaweza kuufikisha 12, 13 na zaidi.

Utasema, "Msuli mnene si ndio nguvu?" Hapana, ndugu yangu. Mkono wa mchukuzi hupumzika usiku, moyo haupumziki. Msuli unanenepa kuliko mishipa inayoulisha, na nyuzi ngumu kama za kovu zinaota katikati yake. Moyo unakuwa mgumu, haulegei vizuri kupokea damu. Ndipo unamwona mtu akipanda ngazi kidogo anahema, jioni miguu imevimba, usiku halali ila kwa mito mitatu. Mwisho wake ni moyo kushindwa kazi, au mapigo kwenda ovyo na kuleta kiharusi.

Katika mji wa Framingham, Marekani, wataalamu wamekuwa wakifuatilia mioyo ya wakaazi tangu 1948. Mwaka 1990 walieleza kuwa wenye moyo ulionenepa walikufa zaidi kuliko wenzao, hata baada ya kuhesabu presha yenyewe na mambo mengine.

Sasa sikiliza vizuri: presha haifanyi uharibifu huu peke yake. Ina wenzake, nao hukaa kwenye kitambi. Mafuta yanayozunguka matumbo si mzigo wa kubeba tu, yanafanya kazi kama kiwanda. Yanatoa kemikali zinazoufanya mwili uishi kana kwamba una jeraha lisilopona. Mnajua jeraha linavyofura na kuwa moto. Kufura kwa namna hiyo, lakini kwa kiasi kidogo na kwa miaka, kunaingia kwenye mishipa na kwenye msuli wa moyo na kuacha makovu. Tena mwili wenye kitambi mara nyingi hauisikii vizuri insulini, ile homoni ya kupeleka sukari mahali pake. Basi kongosho inatoa nyingi zaidi. Insulini nyingi inaziambia figo zizuie chumvi, chumvi inazuia maji, na presha inapanda tena. Ndio maana presha, sukari na kitambi huonekana nyumba moja.

Tuje kwenye futari zetu. Tumefunga yapata saa 13. Adhana ya Magharibi ikilia, kwanza ni kaimati za shira, sambusa, bajia, viazi karai na juisi iliyojaa sukari. Baada ya tarawehe, pilau na achari. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye achari na viungo vya pakiti. Sisi tunaweza kuimaliza kwa mkao mmoja!

Kosa la pili ni dawa. Kuna wanaoziweka kabatini mwezi ukiandama na kuzitoa Idi. Swaumu haikukwambia uache dawa. Dawa nyingi za presha siku hizi humezwa mara moja kwa siku, na daktari anaweza kuzipanga wakati wa futari au daku. Usijipangie mwenyewe. Kama hukumuona Shaaban, nenda wiki hii. Kupimwa presha hakufunguzi. Na mwenye moyo ulioshindwa au figo mbovu asijifanye shujaa: Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa. Amuulize daktari, kisha sheikh.

Habari njema ni kwamba moyo ulionenepa unaweza kupungua. Utafiti wa LIFE, uliofanywa Ulaya na Marekani kwa wagonjwa zaidi ya 9,000, ulitolewa 2002. Uchambuzi wake wa baadaye ulionyesha kuwa wale ambao dalili za unene wa moyo zilipungua kwa matibabu walipata viharusi na vifo vya moyo vichache zaidi.

Basi kijana, kazi yako ni hii. Mpeleke mama na baba wakapimwe. Tazama pakiti za dawa: zinapungua au zimekaa vile vile? Futuru kwa tende na maji, sali, kisha kula mbaazi, samaki, mboga na matunda. Kaimati ziwe mbili, si sahani. Nenda tarawehe kwa miguu. Nawe mwenyewe kapimwe, usingoje uzee. Na yeyote akibanwa kifua, akikosa pumzi au uso ukipinda, afungue na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Mama anayetupikia futari, tusije tukamzika kwa sababu ya kidonge kilichobaki kabatini.

Allah atutakabalie swaumu zetu na atuhifadhie wazee wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.