Gari Likitetemeka, Usikimbilie Spana

(Mazungumzo na madereva na mafundi wa karakana ya kambi)



Gari unaloliendesha ndilo linalompeleka mama mwenye uchungu hospitali usiku, na ndilo linaloleta dawa. Likiharibika njiani, hasara si ya dereva peke yake. Hapa mkoani Kigoma njia nyingi za kambini ni za changarawe, zina mawimbi na mashimo. Tumezoea kutikiswa, na hapo ndipo hatari inapoanza: gari linaugua, sisi tunadhani ni barabara.

Ukisikia mtetemo mpya, simama. Kagua nati za magurudumu yote. Ukiona michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati, au matundu ya rimu yamepanuka, ujue nati zimelegea. Gurudumu linaweza kuchomoka. Kaza nati moja, kisha ile inayoikabili, hadi zote. Rimu yenye matundu yaliyopanuka usiitumie tena. Kila gurudumu likifungwa upya, kaza tena baada ya kilometa 50 hadi 100.

Kama nati ni nzima, jiulize: mtetemo nausikia wapi, na wakati gani?

Ukiwa kwenye usukani, anza na magurudumu ya mbele. Ukiwa kwenye kiti na sakafu, tazama ya nyuma na propela shafti. Ukija unapokanyaga breki tu, kagua diski na dramu. Ukija kwa mwendo fulani tu, kama kilometa 80 kwa saa, huenda gurudumu halina balansi; lakini wakati wa masika toa kwanza tope lililoganda ndani ya rimu. Ukiwapo hata kwa mwendo mdogo, tafuta rimu iliyopinda au tairi lenye uvimbe. Tairi la namna hiyo livue, linaweza kupasuka.

Sasa inua gari kwa jeki mahali tambarare, zuia magurudumu mengine kwa kabari, uweke stendi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililoegemezwa kwenye matofali. Kamata tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, kagua kingpini au boljointi. Kisha kamata kushoto na kulia. Likicheza hivyo tu, tazama tairodi.

Kagua pia shokapu zinazovuja mafuta, bushi zilizolika, majani ya springi yaliyovunjika na U-bolti zilizolegea.

Tahadhari moja: usukani ukitikisika sana baada ya kupita shimo, wengine hufunga shokapu mpya ya usukani, mtetemo ukapungua. Ugonjwa haujapona, umefichwa. Tafuta kiungo kilicholegea.

Mwisho, dereva, andika katika daftari la gari: mtetemo ulianza lini, wapi na kwa mwendo gani. Fundi, soma maneno hayo kabla ya kufungua chochote. Na sisi wasimamizi tusimlaumu dereva anayerudisha gari karakanani kwa kuwa amechelewesha safari. Kuchelewa kwa saa moja kunavumilika. Gurudumu likichomoka na mgonjwa yumo ndani, hakuna cha kurekebisha.