Kasa Akinaswa, Mvuvi Asiachiwe Mzigo Peke Yake

Hotuba ya afisa wa uvuvi wa kaunti kwa wanachama wa BMU, Watamu



Leo nazungumzia kasa anayenaswa kwa bahati mbaya. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda. Kumchinja au kuuza nyama na mafuta yake ni kosa. Hilo mnalijua. Nami najua kwamba mvuvi hategi jarife akimtafuta kasa. Amenuia papa au nguru, kumbe wavu umeraruka na usiku wote umekwenda bure. Hasara hiyo ni ya kweli.

Lakini kasa hukua polepole. Wengi hupita miaka 20 kabla ya kuanza kutaga. Hula nyasi za baharini zikachipua upya, na humo ndimo tafi hukulia. Ng'amba naye hula sifongo zinazoyabana matumbawe. Tukiwamaliza, tunajipunguzia samaki wetu wenyewe.

Kasa hupumua hewa kama sisi. Akizuiliwa chini ya maji, hufa. Basi tukague jarife mara kwa mara, tusilitege jioni na kurudi alfajiri. Ukimkuta hai, kata nyuzi zilizomfunga, wala usimburute kwa mapezi. Akiwa amelegea, usimtupe majini; huenda hajafa. Mlaze kifudifudi kivulini, inua kidogo sehemu ya nyuma, mfunike kitambaa chenye maji bila kuziba pua. Wengine huzinduka baada ya saa nyingi.

Kisha piga simu. Hapa Watamu, tangu 1998, wavuvi huwaita Local Ocean Conservation. Kasa hupimwa, huwekwa alama na kurudishwa baharini, na mvuvi hupewa fidia ndogo ya muda na gharama zake. Mpango huo umedumu kwa sababu mvuvi hakuachiwa mzigo peke yake.

Ombi langu ni moja: kila BMU iandike katika daftari kasa amenaswa wapi, saa ngapi na kwa wavu gani. Bila daftari, ni rahisi mtu wa ofisini kutaka eneo zima lifungwe. Likiwepo, tutajadiliana kuhusu sehemu ndogo, msimu mfupi au zana nyingine, na ninyi mtakuwa na la kuonyesha mezani.