MANENO YA KAMATI KUHUSU GITAA LA MZEE WETU



Katika Siku hii ya Wakimbizi Duniani tumepewa dakika chache, nasi tunazitumia kusema habari ya gitaa. Maji na mgao wa chakula hapa Gorom tumekwisha kuyasema asubuhi, tena kwa ukali.

Gitaa la mzee wetu wa bendi mnalifahamu. Lina mapembe mawili yanayorudi nyuma kama mkia wa mbayuwayu. Watoto huliita jembe. Ukiketi nalo lateleza pajani, ndiyo maana mzee hupiga amesimama, harusini na matangani, usiku kucha, na umri ule. Sasa waya wake wa ndani umekatika, na vijana wameleta shauri kwamba auze, tununue kinanda. Mnunuzi yupo mjini. Mzee amekataa, na sisi wa Kamati tuko upande wake.

Wanaosema umbo lile ni kasoro hawajui jinsi gitaa la umeme linavyofanya kazi. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi wa chuma ukitetemeka huzaa umeme kidogo, ukaenda kwenye amplifaya. Halihitaji tumbo la kuvumisha sauti, basi ubao waweza kukatwa umbo lo lote. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa la umbo la V mwaka 1958. Wanunuzi walikuwa wachache, likaachwa, kisha likarudishwa katika miaka ya 1960 na hadi leo latafutwa. Bo Diddley alipiga la pembe nne kama sanduku, wala hakuna aliyemcheka.

Lakini tusiende mbali. Ndugu zetu mliokimbia Sudani tangu vita vya Aprili 2023, baadhi yenu mnamjua Noori, Mbeja wa Port Sudan. Mwaka 1993 alipata shingo ya gitaa kwenye vyuma chakavu, akaiunga na tambura la nyuzi alilopewa na baba yake. Kikawa chombo kimoja cha umeme, nusu gitaa nusu tambura. Mwaka 2006 akaunda kundi la Dorpa, na mwaka 2022 sahani yao ikatolewa, ikauzwa Ulaya na Marekani. Ni miaka 29 na chombo kile kile! Angekiuza kwa sababu ya sura yake, nani angepiga nyimbo zile?

Juba nayo, kabla ya vita vya 1983, ilikuwa na bendi zake, Rejaf Jazz na Skylarks, na wazee wa hapa bado wanazitaja. Kinanda tutakitafuta, hatukikatai. Ila fedha ya gitaa hilo haitoshi kinanda na spika, na vidole vya mzee vimezoea shingo ile.

Fundi redio wa sokoni amekubali kuunga waya Jumamosi. Anadai bei ya waya na risasi tu, kazi yake ametupa bure. Bakuli liko kwa mweka hazina, pale chini ya mwembe. Kijana atakayetoa chochote atafundishwa na mzee mwenyewe, kwa zamu, kuanzia wiki ijayo.