Elimu ya Wasaidizi wa Waganga wa Mifugo Isikome Chuoni

Tarehe 28 Juni mwaka 2011, mjini Roma, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba sotoka, ule ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji wengi mikono mitupu, umetoweka duniani. Hapo kabla ni ndui peke yake, kati ya maradhi yote, uliokuwa umefutwa kabisa kwa juhudi za binadamu.

Sisi wa sehemu hizi tunayo haki ya kujivunia ushindi huo. Chanjo iliyowakinga ng'ombe kwa miaka mingi ilitengenezwa na Dr. Walter Plowright na wenzake huko Muguga, karibu na Nairobi. Na ilipopatikana chanjo nyingine katika miaka ya 1990, yenye uwezo wa kukaa karibu mwezi mzima bila barafu, waliochukua mizigo ya chanjo hiyo hadi kwenye mazizi ya Karamoja na Sudan ya Kusini hawakuwa madaktari wenye shahada peke yao. Walikuwamo pia wasaidizi wa mifugo, na wenyeji wa malisho yale yale waliofundishwa kazi hiyo mahali walipo. Lau watu hao wasingefundishwa jambo jipya, chanjo mpya ingebaki mjini, na ng'ombe wangeendelea kufa porini.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu ushindi ule una fundisho ambalo twaelekea kulisahau. Fundisho lenyewe ni kwamba elimu ya msaidizi wa mganga wa mifugo haiwezi kukomea siku anapopewa cheti.

Haukupita muda mrefu kabla ya jambo hili kudhihirika. Mwaka 2006 ugonjwa mwingine ulionekana Turkana, nchini Kenya. Mwaka 2007 ukathibitishwa Karamoja, hapa kwetu Uganda, na mwaka 2008 ukathibitishwa kaskazini mwa Tanzania. Huo ndio sotoka ya mbuzi na kondoo. Umejulikana Afrika Magharibi tangu mwaka 1942, ulipoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Côte d'Ivoire. Lakini kwa wengi wa wafanyakazi wetu wa mifugo ulikuwa mgeni kabisa. Mnyama hushikwa na homa kali, akatokwa na makamasi na tongo, mdomo ukajaa vidonda, akahara, kisha akakohoa na kuhema kwa shida.

Sasa na tumfikirie msaidizi aliyehitimu mwaka 1990. Chuoni alifundishwa, na kwa haki kabisa, kwamba mbuzi akohoaye na kuhema kwa shida yafaa ashukiwe homa ya mapafu ya mbuzi. Akiitwa kwenye zizi atafanya alivyofundishwa: atapiga sindano ya viuavijasumu na kupokea malipo yake. Lakini sotoka huletwa na virusi, na viuavijasumu haviui virusi. Mbuzi watakufa, mfugaji atakuwa amepoteza mbuzi na fedha pia, na wale waliobaki wazima wa sura watapelekwa mnadani wakiwa na ugonjwa mwilini. Msaidizi huyo si mvivu wala si mlaghai. Ni mtu anayeitumia kwa uaminifu elimu iliyopitwa na wakati.

Na bado elimu anayoihitaji si ya miaka mitatu. Siku mbili zatosha kumwonyesha kwamba homa ya mapafu ya mbuzi haileti vidonda vya mdomoni wala kuhara, na kwamba kondoo wanapougua pamoja na mbuzi ni dalili ya kumfanya asite. Siku hizo hizo zatosha kumfundisha namna ya kuchukua vipimo na kuvifikisha maabara vikiwa katika baridi, na kumkumbusha kwamba chanjo ya ugonjwa huu, ikitolewa vizuri mara moja, humkinga mnyama kwa muda usiopungua miaka mitatu. Mataifa yalikutana Abidjan mwaka 2015 na kuweka lengo la kuufuta ugonjwa huu duniani ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo halitafikiwa kwa maazimio ya mikutano ikiwa mtu anayemwona mbuzi wa kwanza mgonjwa hajui anachokiona.

Ndugu wasikilizaji, si mali peke yake iliyo hatarini. Katika mvua kubwa za mwaka 2006 na 2007, homa ya Bonde la Ufa iliwaua watu zaidi ya 100 nchini Kenya, na wengine zaidi ya 100 nchini Tanzania. Ugonjwa huo hujitangaza kwa namna moja iliyo wazi: kondoo, mbuzi na ng'ombe wengi hutupa mimba kwa wakati mmoja, na watoto wao wachanga hufa. Anayeitwa kusaidia kuzalisha au kuondoa kondo la nyuma ni nani, kama si msaidizi wa mifugo? Asipokumbushwa mara kwa mara kuvaa glavu, kuwakataza watu wasichinje mnyama mgonjwa, na kupeleka habari wilayani siku ile ile, yeye atakuwa miongoni mwa wa kwanza kuambukizwa, na kijiji kitamfuata.

Nchi jirani zimekwisha kuanza kuliwekea jambo hili msingi wa sheria. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2003, na Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, zimewaingiza wasaidizi hawa katika kazi inayotambuliwa na kusimamiwa na baraza. Mwaka 2018 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwongozo juu ya ujuzi wanaopaswa kuwa nao. Huko Uingereza, tangu mwaka 2020, kila muuguzi wa wanyama aliyeandikishwa anatakiwa kujiendeleza kimasomo kwa saa 15 kila mwaka. Saa 15 si nyingi. Ni sawa na siku mbili za kazi.

Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi, na hapa inafaa tuseme kweli. Zamani msaidizi wa mifugo alikuwa mtumishi wa serikali. Alipoitwa semina alilipiwa nauli, na mshahara wake ulimngoja. Tangu huduma za mifugo zilipoanza kuachiwa watu binafsi, wengi wao wanaishi kwa duka dogo la dawa na baiskeli au pikipiki. Kumwambia mtu wa namna hiyo afunge duka, asafiri hadi mji mkuu, alipie chumba na chakula, kisha alipie na mafunzo yenyewe, ni kumwambia achague kati ya elimu na chakula cha watoto wake. Tukimnyang'anya leseni kwa kushindwa, mfugaji hatapata mtaalamu bora kuliko yeye. Atabaki na mchuuzi wa dawa za mnadani, asiyejua kusoma hata maandishi ya chupa.

Kwa hiyo njia iliyo ya busara ni mafunzo kumfuata mfanyakazi huko aliko. Mganga wa mifugo wa wilaya awakusanye wasaidizi wa eneo lake mara chache kwa mwaka, karibu na mnada ambako wengi wao hufika kwa shughuli zao. Vyuo vitoe walimu, na mafunzo hayo yahesabiwe wakati wa kufanya leseni upya. Nao wasaidizi wa Moroto wakutane na wenzao wa Lodwar, kwani Wakaramojong na Waturkana huchangia malisho na maji wakati wa kiangazi, na ugonjwa hauulizi pasi mpakani.

Wafugaji nao wana sehemu yao. Mfugaji anayemwuliza msaidizi wake, bila ya dharau, kwamba mara ya mwisho alihudhuria mafunzo lini, hamvunjii heshima. Anailinda mali yake, na anamsaidia mwenziwe kuilinda kazi yake.

Sotoka ya ng'ombe tuliishinda kwa kuwafundisha watu jambo jipya kwa wakati wake. Sotoka ya mbuzi na kondoo ingali mazizini.