Hesabu ya Kikundi: Mwingine Airudie, Apate Jibu Lile Lile

Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, Msambweni

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twaongeza neno: hata daftari likiwepo, hesabu inayojulikana na mtu mmoja tu si mali ya kikundi.

Tuangalie Gazi, hapa karibu. Watu wa Gazi na Makongeni, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117 za mikoko, na kwa utaratibu wa Plan Vivo wameuza kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Fedha zimesaidia maji na shule. Lakini mnunuzi wa mbali haoni mti. Anachoona ni hesabu: mashina yamepimwa unene katika viwanja vya mfano, kisha kanuni ikatumika kupata uzito na kaboni iliyomo. Hesabu ya namna hii ikitiliwa shaka, maji na vitabu vya watoto vimo hatarini. Ni vivyo hivyo kwa akiba zetu, korosho zetu na samaki wetu.

Sasa vijana wetu wameanza kutumia daftari la kompyuta kama Jupyter. Ni zuri, kwa maana maelezo, amri na majibu hukaa pamoja. Lakini hebu tufikiri: kijana aliyeliandika amepata kazi Mombasa, akaenda na laptopu yake. Mwingine analifungua kwenye mashine nyingine. Linagoma, au vibaya zaidi, linatoa jibu jingine. Watu waanza kunong'onezana, "Nani amekula?" Kumbe hakuna aliyekula.

Ni kama mapishi. Ukisema unga vibaba viwili, na kibaba cha kule si kibaba cha huku, chakula hakiwi kile. Vibaba vya daftari hili ni programu zinazolisaidia, nazo hubadilika. Mwaka 2023, pandas, programu ya majedwali, ilipofika toleo la 2.0 iliondoa amri ya "append". Madaftari yaliyoitegemea yalikwama. Na si sisi tu: mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba waliendesha upya madaftari mengi sana ya mtandaoni. Yapata robo tu yalifika mwisho bila kosa, na kama 4 katika kila 100 ndiyo yaliyotoa majibu yale yale.

Basi tufanye hivi:

1. Vipimo vya asili visiguswe. Masahihisho yafanywe ndani ya daftari, yaonekane.

2. Kila kazi iwe na chumba chake cha programu. Andika: python -m venv chumba. Kifungue, kwa Windows andika: chumba\Scripts\activate. Humo weka programu zinazohitajika tu.

3. Andika orodha: pip freeze > orodha.txt. Hii hutaja kila programu na toleo lake. Toleo la Python yenyewe liandike kwa mkono. Mwenzako, akiwa na Python ya toleo hilo, atafungua chumba chake na kuandika: pip install -r orodha.txt.

4. Kabla ya kutangaza jibu, zima daftari, liwashe upya, liendeshe toka juu mpaka chini. Kurukaruka visanduku hudanganya.

5. Mtu wa pili ajaribu kwenye mashine nyingine. Asipopata jibu lile lile, kazi haijaisha.

Vipimo, daftari na orodha vikae pamoja, na nakala moja kwenye flashi iwekwe kwa mweka hazina.

Maswali ya kujadili kikundini:

Ni hesabu gani yetu inayojulikana na mtu mmoja tu? Akihama kesho, tutafanyaje?

Ni nani atakayekuwa mtu wa pili wa kuirudia, na lini?