Beseni la mama mzee na njia ya maji

Maneno yaliyosemwa hapa Mavivi, mbele ya wanachama na wafadhili waliotutembelea



Komite iliniomba niseme juu ya usafi wa nyumbani. Naona wengine mumeshaanza kucheka, juu munajua nitaanzia wapi. Ndiyo, nitaanzia kwenye beseni la papa wetu. Yeye mwenyewe ameniruhusu, ila jina lake tuliache.

Kwa wale hawajui: mwanachama wetu mmoja alirudi kutoka Butembo pamoja na jamaa yake. Juu ya kamio, katikati ya magunia, viti na kuku, kulikuwa beseni kubwa la kuogea, lile la chuma lenye miguu mine, wenye kusema Kifaransa wanaliita benywari. Alilinunua kwa watu waliokuwa wanabomoa nyumba ya zamani. Likasafiri zaidi ya kilometa 60 za barabara munayoijua, na vijana sita wakaliteremsha. Nyumba yake wakati ule haikuwa na mlango, na bati za upande wa nyuma zilikuwa zimeibiwa. Watu wakasema: hana mlango, lakini ana benywari! Na mimi, mutanisamehe, nilisema vilevile moyoni. Niliandika hata kwenye kaye yangu ya kazi kwamba jamaa hii haijui kupanga mahitaji yake. Niliandika hivyo bila kuuliza swali hata moja.

Siku niliyouliza, alinipeleka ndani akanionyesha mama yake. Mama huyo alikimbia kutoka upande wa Mbau. Wakiwa Butembo, kwa watu waliowapokea, alipooza upande wa kuume. Miaka ile yote alioshwa nyuma ya kitenge kilichotundikwa kwenye kona ya uwanja, na wake za watu ambao si watoto wake, asubuhi mapema kabla majirani hawajaamka. Mara mbili aliteleza. Mara ya pili akakataa kuoga, mpaka ikawa vita nyumbani. Mtoto wake alipoona lile beseni kwenye nyumba inayobomolewa, hakuona mali ya tajiri. Aliona mahali mama yake anaweza kuoga ameketi, ndani ya kuta, mlango umefungwa.

Nikafuta yale niliyoandika.

Na tusifikiri kwamba chombo hiki kilizaliwa kwenye nyumba za wakubwa. Kule Marekani, mwaka 1883, mfua chuma mmoja, John Michael Kohler, alikuwa anatengeneza vyombo vya wakulima. Alichukua birika la chuma, lile la kunyweshea farasi na kuchomea nguruwe manyoya kwa maji ya moto, akalipaka enameli, ule weupe unaong'aa, akalitia miguu mine, akaliuza kama beseni la kuogea. Kwa hiyo anayecheka benywari ajue kwamba anacheka birika la wafugaji.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Beseni likijaa linakamata kama lita 180. Hizo ni bidoni tisa za 20. Hapa kwetu bidoni haziji zenyewe. Zinakuja mgongoni mwa msichana, kamba kwenye paji la uso, kilo 20 kila safari, na munajua njia za kwenda kuchota, na munajua saa ambazo hatutaki watoto wawe njiani. Tangu Oktoba 2014, sisi wa eneo hili la Beni tunahesabu saa namna ambayo watu wa mahali pengine hawahesabu. Basi nilimwambia papa: kama beseni hili litaongeza safari za huyu binti hata mbili kwa siku, mimi simo. Hatuwezi kumpumzisha mama mzee kwa kumchosha mjukuu wake na kumtia hatarini.

Tukakaa, tukafikiri, na fundi wetu ndiye aliyepata jibu. Beseni halijazwi. Tulikata ubao mnene wa kupita juu ya beseni, ukatokeza nje upande mmoja kama kiti. Chini yake tukapigilia vipande viwili vya mti vinavyobana kuta za beseni kwa ndani, ubao usiteleze. Mama anakuja anaketi kwanza kwenye sehemu iliyo nje. Halafu anajisogeza, anaingiza mguu mmoja, na mkwewe anamsaidia kuingiza wa pili. Haruki ukingo, na pale kwenye ukingo ndipo wazee wengi wanaanguka. Anamwagiwa maji kwa kopo akiwa ameketi, miguu ndani. Bidoni moja inatosha, na mara nyingine inabaki kidogo.

Kando ya beseni, upande wa mkono wake wenye nguvu, tulisimamisha nguzo ya mti iliyochimbiwa chini sana, ya kushikilia. Asishike ukingo wa beseni kujivuta, juu beseni lisilo na maji linaweza kuinama naye.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa sakafu. Hesabuni pamoja nami: chuma kilo 120, mtu kilo 60, na siku mtu mwingine akilijaza, maji kilo 180. Hizo ni kilo 360 juu ya miguu mine, kila mguu kilo 90, na mguu wenyewe ni mdogo kama kiganja. Kwenye udongo uliopigwapigwa tu, mvua moja inatosha kuuzamisha. Tulichimba tukashindilia mawe, tukamwaga dala ya sentimita 10: ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za changarawe. Tukaiacha juma nzima, tukiinyunyizia maji asubuhi na jioni ili isipasuke. Dala yenyewe inateremka sentimita 2 kwa kila meta, kuelekea mfereji, maana maji yanayomwagika nje ya beseni lazima nayo yapate njia. Beseni tulilisawazisha kwa ule mpira mweupe wa fundi uliojaa maji. Na tuliacha nafasi kati yake na ukuta, mkono wenye kitambaa upite. Beseni likigusa ukuta, nyuma yake panaoza na panya wanapanga humo.

Kwenye tundu la kutolea maji, pete ya mpira ilikuwa imekauka. Fundi alikata nyingine kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Chini akaweka tuyo yenye kigoti, ile inayobakisha maji kidogo kwenye kona, ili harufu na mende wasipande. Tukajaribu kwa bidoni mbili, tukatandaza karatasi kavu chini, tukaenda kulala. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu.

Tukafurahi, tukapiga na picha. Wafadhili wetu, ile picha mumeiona kwenye ripoti.

Sasa nawaambia ambayo hayakuwa kwenye picha. Shimo la kumezea maji nilichagua mimi mahali pake na kipimo chake. Nilikuwa na haraka. Sikupima udongo. Nilichimbisha meta moja kwenda chini, tukatia mawe, tukafunika. Miezi mitatu baadaye lilikuwa limejaa sabuni, nywele na mafuta ya mwili, maji yakaacha kushuka. Yakatafuta njia yao wenyewe, wakaenda kwenye maharage ya jirani.

Huyo jirani ni mama mjane. Alikuwa ametoka Oicha majuma machache tu, na ile mbegu alikuwa ameikopa. Maneno yakawa makali. Yeye akasema hao wametajirika kwa mradi, wanamletea uchafu wao. Wao wakasema ana wivu. Kumbe wote wawili wanaimba katika kwaya moja! Mambo yakafika kwa chefu wa kijiji, na mimi nikaenda pale, nikasimama, nikasema kosa ni langu. Si la fundi, si la papa. Chama kilirudisha mbegu. Lakini mbegu inarudishwa haraka kuliko salamu, na wale walikaa zaidi ya mwezi hawasalimiani. Kwa watu waliorudi kukaa pamoja baada ya kukimbia, jambo hilo si dogo.

Kwa hiyo leo nawaomba munisikilize zaidi hapa kwenye shimo kuliko kwenye beseni. Hata mwenye beseni dogo la plastiki na duche ya matete ana shida hiihii. Maji ni yaleyale.

Kwanza pima udongo. Chimba kitundu cha sentimita 30, kijaze maji, yaache yaishe, kijaze tena, halafu weka kijiti chenye alama uangalie saa. Kama baada ya saa moja maji hayajashuka hata vidole viwili, udongo huo haumezi. Hamisha shimo, au lifanye pana zaidi. Pale kwa papa ulikuwa udongo wa kufinyangia vyungu kabisa. Ningelipima ningelijua.

Pili, maji yasiingie shimoni moja kwa moja. Yapite kwanza kwenye kisanduku kidogo cha matofali kilichopakwa simenti, chenye mfuniko. Humo sabuni na mafuta vinaelea juu, mchanga unakaa chini, na maji ya katikati ndiyo yanatoka kwa tuyo kwenda shimoni. Kila siku ya posho mtu anafungua, anachota utando kwa kopo, anaufukia mbali. Kazi ya dakika kumi. Inanuka, ndiyo. Lakini shimo lenye kisanduku tulilochimba mara ya pili, meta moja na nusu kwenda chini, lilipita mvua zote bila kurudisha maji.

Tatu, shimo liwe mbali na kisima au chemchemi, meta 30 au zaidi, na sehemu yake ya chini isikaribie maji ya ardhini. Na lisikae karibu na msingi wa nyumba. Nyumba zetu nyingi ni za udongo na miti. Maji ya kuoga yakilamba ukuta kila siku, ukuta hausubiri vita ili uanguke.

Maji ya kuoga mimina kwenye migomba ukitaka. Si kwenye mboga tunazokula mbichi.

Juu ya kulitunza beseni lenyewe sina mengi. Wamama, najua tumezoea kusugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka zing'ae. Kwa enameli, hapana. Mchanga unakwaruza ule weupe, uchafu unakamata kwenye mikwaruzo, na mahali palipobanduka chuma kinaanza kutu. Kitambaa laini, sabuni kidogo, halafu kukausha. Hata limao na siki zinakula ule weupe zikikaa. Na maji ya klori, yale tuliyoyazoea wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, yalikuwa na kazi yake na yalituokoa. Lakini kuyaacha yalale ndani ya beseni usiku kucha ni kuliharibu. Ukitumia klori, iwe kidogo, na suuza mara moja.

Beseni lisifanywe tanki. Nilikuta majirani wawili wakimshauri papa alijaze maji ya mvua yawe akiba. Hapana, tafadhali. Maji yaliyo wazi, yaliyotulia, ni nyumba ya mbu: mayai leo, na baada ya juma moja au mbili wameruka. Tena mtoto mdogo anaweza kufa maji kwenye kina cha vidole vichache, na mama yuko hapo tu anageuza ugali. Mkimaliza kuoga, tundu lifunguliwe. Akiba ya mvua iwe kwenye pipa lenye mfuniko, chini ya mfereji wa bati. Nyumba ya meta 6 kwa 7, mvua ya milimeta 10 inaleta kama lita 400, na hata tukipoteza sehemu, zinabaki bidoni 15 ambazo hakuna msichana aliyezibeba. Kama kuna kitu cha kukopa kwenye AVEC yetu, mimi naona ni mfereji huo na pipa hilo, kabla ya benywari.

Wafadhili wetu, na ninyi nina neno kwenu. Kwenye bajeti zenu mumeandika vyoo, na tunawashukuru kwa kweli. Mahali pa kuoga hamkuandika, wala hatukuwaomba, juu tuliona haya. Matokeo yake, nimehesabu kwenye avenyu tatu tulizotembelea: karibu kila nyumba ina choo kizuri cha mradi, na wamama wanaoga nyuma ya matete gizani. Hatuombi mabeseni ya chuma. Tunaomba simenti ya dala na ya kisanduku, mabati mawili matatu ya kuzunguka, na komeo la ndani. Ubao wa kuketi fundi wetu ataukata, na wazee na wagonjwa wanaouhitaji tumeshawaandika.

Mtaniuliza habari za mama mzee. Anaoga jioni sasa, kabla jua halijazama, na anamfukuza kila mtu isipokuwa mkwewe. Yule jirani mjane alikuja mwezi uliopita kuuliza kama mama yake naye, aliyevunjika nyonga, anaweza kuletwa mara moja kwa juma. Walikubaliana kwamba analeta bidoni yake mwenyewe.

Siku ya posho, baada ya salongo, tunachimba shimo la jirani huyo. Udongo wake tumeshaupima, unameza vizuri. Mwenye beleshi aje nalo, na mwenye mawe ya nyumba iliyoanguka ambayo hayahitaji tena, aniambie leo kabla hatujaachana. Nani ana swali?